Simu Moja au Vifaa Vingi?

SOMO LA UCHUMI WA NYUMBANI NA WA KIKUNDI



Siku hizi maneno "akili mnemba" yanasikika kila mahali. Yanasikika redioni, yanasikika mnadani, yanasikika hata kwenye kibanda cha kuchaji simu. Wengine huiita "akili unde". Wafanyabiashara nao wameyadaka maneno hayo. Kuna saa ya akili mnemba, kuna miwani ya akili mnemba, kuna kidude cha kubandika kifuani cha akili mnemba. Kila kimoja kina bei yake.

Wewe uliyeuza magunia yako ya mahindi, au ndama wako, una fedha mkononi. Unajiuliza: Je, ninunue kifaa maalumu, au simu janja inatosha?

Swali hili si dogo. Fedha hiyo ni jasho lako. Ukikosea leo, mbolea ya msimu ujao utainunua kwa nini? Basi tulisome jambo hili taratibu.

Ukimaliza somo hili utaweza:

1. Kueleza akili mnemba ni nini.
2. Kutofautisha kazi ambazo simu inaziweza na kazi ambazo simu haiziwezi.
3. Kupiga hesabu ya gharama yote ya kifaa, siyo bei ya dukani peke yake.
4. Kutoa ushauri katika kikundi chako kabla ya kununua.

AKILI MNEMBA NI NINI?

Mtoto wa mfugaji hazaliwi akimjua ng'ombe mgonjwa. Anajifunza. Anamwona ng'ombe mzima, anamwona mgonjwa, baba anamwonyesha: huyu mzima, huyu ana homa. Baada ya kuwaona wengi, anawatambua mwenyewe.

Akili mnemba hufundishwa karibu hivyo hivyo. Wataalamu huionyesha mashine mifano mingi sana. Mifano hiyo yaweza kuwa picha, sauti au maandishi. Mashine inatafuta alama zinazofanana. Mwisho ukiipa picha mpya, inakisia: hii ni kitu fulani.

Tazama neno hilo: inakisia. Mashine haijui kama mtu anavyojua. Mara nyingi inapatia, mara nyingine inakosea.

Jambo la pili la kukumbuka ni hili. Akili mnemba ni programu, yaani maagizo yanayoendeshwa na mashine. Programu haina umbo. Inaweza kukaa ndani ya simu, ndani ya kamera, au ndani ya kompyuta kubwa iliyo nchi ya mbali na kutumwa kwako kwa intaneti. Kwa hiyo mtu akikuuzia "kifaa cha akili mnemba", kwa kweli anakuuzia vitu viwili: programu na kasha lake. Sisi tunauliza habari za lile kasha. Je, lina maana?

SIMU IMEMEZA VITU VINGI

Zamani kila kazi ilikuwa na chombo chake. Usiku ulibeba tochi. Wakati uliutazama kwenye saa. Habari ulizisikia kwenye redio. Picha ulimwita mpiga picha mwenye kamera. Fedha ulizitunza kwenye kibubu.

Leo hata simu ndogo ya kitochi ina tochi, saa, redio na mashine ya kujumlisha. Fedha nazo zimo humo humo. Simu janja imeongeza kamera, ramani na intaneti.

Kwa nini simu imevimeza vitu hivyo? Kwa sababu vyote vinahitaji mambo yale yale: betri, kioo, spika, kinasa sauti na kamera. Simu inavyo tayari. Kwa nini ulipie betri mara tano?

Hii ndiyo kanuni ya kwanza ya somo letu: KAMA KIFAA KIPYA KINAFANYA KAZI ILE ILE, MAHALI PALE PALE, KWA VIUNGO VILE VILE VYA SIMU, BASI SIMU INATOSHA.

MFANO WA KWANZA: KIFAA CHA KIFUANI

Huko Marekani ilikuwapo kampuni iitwayo Humane. Waliianzisha watu wawili waliowahi kufanya kazi katika kampuni ya Apple. Mwezi Novemba 2023 walitangaza kifaa kiitwacho Ai Pin. Kilikuwa kidogo, cha kubandika kwenye nguo kifuani. Hakikuwa na kioo. Ulizungumza nacho, nacho kikajibu kwa sauti. Kiliweza pia kumulika maandishi ya mwanga kwenye kiganja cha mkono wako.

Kiliajabiwa sana. Wapo waliosema ati simu sasa zimekwisha.

Kilianza kufikishwa kwa wanunuzi mwezi Aprili 2024. Bei yake ilikuwa dola 699, na juu yake dola 24 kila mwezi. Walionunua walilalamika. Kilipata joto. Betri iliisha upesi. Kilichelewa kujibu, na mara nyingine kilijibu uongo. Kazi nyingi zilizobaki, simu iliyomo mfukoni mwa mtu yule yule ilizifanya upesi zaidi.

Februari 2025 kampuni ya HP ilinunua sehemu kubwa ya mali za Humane kwa dola milioni 116. Tarehe 28 ya mwezi huo huduma ikazimwa. Kifaa hakikupiga simu tena wala kujibu maswali. Waliokuwa wamekinunua zamani hawakurudishiwa fedha. Walirudishiwa wale tu waliokuwa bado ndani ya muda wa siku 90.

Ona jambo hili vizuri. Kifaa hakikuvunjika wala hakikuanguka majini. Kilikufa kwa sababu akili yake haikuwa ndani yake. Ilikuwa kwenye kompyuta za kampuni, na kampuni ilipofunga mlango, mwenye kifaa alibaki na kopo tupu.

Kipo na kifaa cha pili, Rabbit R1. Kilitangazwa Januari 2024 kwa dola 199. Ni kikasha kidogo cha rangi ya chungwa. Mwezi Aprili mwaka huo huo, waandishi wa habari walionyesha kwamba programu yake inaweza kuwekwa kwenye simu ya kawaida ya Android na kufanya kazi. Kampuni ilijibu kwamba kifaa chake ni zaidi ya hapo, kwa sababu kinategemea kompyuta zake za mbali. Lakini mnunuzi wa kawaida alibaki na swali lake: kama programu inakaa kwenye simu, kikasha nakinunulia nini?

Wahenga walisema: kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.

MFANO WA PILI: MUHOGO NA SIMU

Sasa turudi shambani. Wewe unayelima muhogo unayajua magonjwa mawili makubwa. La kwanza ni batobato. Majani hujikunja na kuwa na mabaka ya njano. La pili ni michirizi ya kahawia. Hili ni baya zaidi kwa sababu huozesha kiazi ardhini. Magonjwa yote mawili huenezwa na inzi weupe, na pia na sisi wenyewe, tunapokata pingili kwenye shina lenye ugonjwa na kwenda kuzipanda.

Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Penn State cha Marekani, pamoja na Taasisi ya Kimataifa ya Kilimo cha Tropiki (IITA), walipiga picha zaidi ya 2,700 za majani ya muhogo. Walizipiga hapa hapa Tanzania, katika mashamba ya majaribio karibu na Bagamoyo. Picha za namna hiyo ndizo zilizofundisha mashine. Matokeo yake ni programu ya simu iitwayo Nuru.

Je, walitengeneza kifaa maalumu cha kupima muhogo? Hapana. Waliona kwamba kazi hiyo inahitaji kamera, kioo na kompyuta ndogo. Simu janja inavyo vyote. Tena waliitengeneza Nuru iweze kutazama jani bila intaneti. Akili yake iko ndani ya simu. Hata ukiwa bondeni pasipo mtandao, inafanya kazi.

Je, inapatia? Utafiti wa Latifa Mrisho na wenzake ulichapishwa mwaka 2020. Walitazama nani anatambua dalili za magonjwa haya vizuri zaidi. Wakulima walipatia kati ya asilimia 18 na 31. Maafisa ugani walipatia kati ya asilimia 40 na 58. Nuru ilipatia asilimia 65 kwa jani moja. Ilipoonyeshwa majani sita ya mmea mmoja, ilifikia kati ya asilimia 74 na 88.

Hapa tunajifunza mambo matatu:

Kwanza, usipime jani moja. Pima majani sita ya mmea ule ule.

Pili, hata kwa majani sita mashine hukosea. Katika mimea 10 inaweza kukosea mmoja, miwili, na hata zaidi kidogo.

Tatu, simu inaona jani tu. Michirizi ya kahawia yaweza kuwa kwenye kiazi wakati majani yanaonekana mazima. Kwa hiyo kabla ya kuchagua pingili za mbegu, ng'oa mashina machache, kata viazi, tazama ndani. Kisu bado ni kifaa chema! Ukiwa na shaka, mwite afisa ugani.

MFANO WA TATU: KAMERA YA PORINI

Baada ya mifano hiyo utasema: basi vifaa maalumu vyote ni upuuzi. Ngoja kwanza, ndugu msomaji. Mfano wa tatu unatoka jirani kabisa.

Sisi wa kata ya Nyanungu tunapakana na Hifadhi ya Taifa ya Serengeti. Upande wa magharibi wa hifadhi hiyo, katika mkoa wetu huu wa Mara, lipo Pori la Akiba la Grumeti. Humo ilijaribiwa kamera iitwayo TrailGuard. Waliitengeneza watu wa shirika la RESOLVE la Marekani. Baadaye kampuni ya Intel iliwapa kidude cha akili mnemba cha kuweka ndani yake.

Kamera za zamani za porini zilikuwa na taabu. Swala akipita, picha. Jani likitikiswa na upepo, picha. Walinzi waliletewa picha nyingi zisizo na maana, na betri ikaisha baada ya wiki chache. Kamera mpya inatazama picha yenyewe kwanza na kujiuliza: huyu ni mnyama au ni mtu? Akiwa mtu, au likiwa gari, inatuma picha kwa walinzi. Akiwa swala, inanyamaza. Kwa kunyamaza hivyo inatunza nguvu. Watengenezaji walisema betri yake inaweza kudumu mpaka mwaka mmoja na nusu. Sehemu ya kutazamia ni ndogo kama kalamu, hivyo inafichwa mtini.

Januari 2019 Intel ilitangaza kwamba toleo la awali la kamera hiyo, lilipojaribiwa Grumeti, lilisaidia kukamatwa kwa majangili 30 na kilo zaidi ya 500 za nyamapori.

Je, kazi hii simu janja ingeiweza? Ifunge simu yako mtini. Kesho yake chaji imekwisha. Mvua ikinyesha, imeharibika. Nyani akiiona, ameichukua. Simu imetengenezwa kukaa na mtu: mtu aichaji, aifute, aifiche mvua ikija. Kamera ya porini inakaa peke yake miezi mingi bila mtu.

Hii ndiyo kanuni ya pili: KIFAA MAALUMU KINA MAANA KINAPOKWENDA MAHALI AMBAPO SIMU HAIWEZI KUKAA, AU KINAPODUMU MUDA AMBAO SIMU HAIWEZI KUDUMU, AU KINAPOONA KITU AMBACHO SIMU HAIWEZI KUKIONA.

Lipo neno jingine hapa, nasi tunaoishi mpakani tulifikiri. Kifaa humtumikia aliyekiweka. Kamera ile humtumikia mlinzi wa pori. Haiko pale kumwambia mkulima kwamba tembo wanaelekea kwenye mahindi yake. Kwa hiyo ukiambiwa habari ya kifaa chochote, uliza pia: kinamwona nani, na picha zake anazipokea nani?

NJIA YA TATU: KIFAA NA SIMU PAMOJA

Wakati mwingine simu inapungukiwa na jambo moja tu. Hapo hatuhitaji kifaa kizima kipya. Tunahitaji kuiongezea simu kiungo.

Mfano ni kipimo cha mama mjamzito, kile ambacho wengi tunakiita "utrasaundi". Mashine ya zamani ni kubwa kama kabati na bei yake ni kubwa sana. Kampuni ya Butterfly Network ya Marekani ilitengeneza kipimo kidogo cha kushika mkononi, kinachochomekwa kwenye simu au kompyuta bapa. Kipimo kinapeleka mawimbi tumboni, simu inaonyesha picha. Mwaka 2022 kampuni hiyo ilianza kuwapa wahudumu wa afya wa Kenya vipimo 500 pamoja na mafunzo.

Simu haiwezi kutazama tumboni. Kipimo hakina kioo wala kompyuta. Vikikutana, kazi inafanyika. Hiyo ni kama jembe na mpini.

MAZUNGUMZO KATIKA KIKUNDI

Tuchukue mfano wa kubuni. Kikundi cha wakulima 20 kina akiba. Kijana mmoja, tumwite Marwa, ameona tangazo la kifaa cha kuzungumza nacho. Mweka hazina ni mama mtu mzima, tumwite Bhoke.

MARWA: Mama, tukinunue kile kifaa. Unakiuliza swali la ng'ombe, kinakujibu.

BHOKE: Mura, kinajibu kwa Kiswahili?

MARWA: Tangazo halikusema.

BHOKE: Mtandao ukikatika kinajibu?

MARWA: Hapo... sijui, mama.

BHOKE: Na mwezi ukiisha tunalipa tena?

MARWA: Wamesema kuna malipo ya mwezi.

BHOKE: Haya. Leta kalamu tupige hesabu.

HESABU

Tutumie bei ya kile kifaa cha kifuani, na tuseme dola 1 ni shilingi 2,600.

Bei ya kifaa: 699 × 2,600 = shilingi 1,817,400.
Malipo ya mwezi: 24 × 2,600 = shilingi 62,400.
Malipo ya mwaka: 62,400 × 12 = shilingi 748,800.
Jumla ya mwaka wa kwanza: shilingi 2,566,200.
Kila mwanakikundi: 2,566,200 ÷ 20 = shilingi 128,310.

Sasa simu janja moja ya kikundi. Tuseme bei yake ni shilingi 260,000 na bando la mwezi ni shilingi 5,000.

Bando la mwaka: 5,000 × 12 = shilingi 60,000.
Jumla ya mwaka wa kwanza: shilingi 320,000.
Kila mwanakikundi: 320,000 ÷ 20 = shilingi 16,000.

Mama Bhoke hakumgombeza kijana. Alimwonyesha karatasi tu.

Wako watakaouliza: simu moja kwa watu 20 inawezekana? Inawezekana. Mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, karibu watu milioni 2 wa nchi yetu walijifunza kwa vikundi. Kikundi kilikaa mbele ya redio moja, kikasikiliza, kikajadili, kisha kikaenda kuchimba vyoo. Chombo kilikuwa kimoja, wanafunzi walikuwa wengi.

Lakini simu ya kikundi iwe na taratibu. Achaguliwe mtunzaji. Liwepo daftari la nani ameichukua, lini, na bando limetumikaje. Mali bila daftari hupotea bila habari.

MASWALI SABA KABLA YA KUNUNUA

Kata sehemu hii uibandike ukutani.

1. Kazi ninayotaka ifanyike ni ipi? Itaje kwa sentensi moja. Ukishindwa kuitaja, usinunue.
2. Simu niliyo nayo, au ya jirani, haiwezi kuifanya?
3. Kinafanya kazi bila intaneti?
4. Kina malipo ya kila mwezi?
5. Kampuni ikifungwa, kitaendelea kufanya kazi?
6. Kikiharibika, fundi wa karibu ataweza kukitengeneza?
7. Picha na sauti zangu zinakwenda kwa nani?

Muuzaji mwaminifu hatachukia maswali haya. Akichukia, wewe umeshapata jibu.

MANENO MAPYA

Akili mnemba: uwezo wa mashine kukisia na kujibu baada ya kufundishwa kwa mifano mingi.
Kifaa maalumu: chombo kilichotengenezwa kwa kazi moja au chache tu.
Programu: maagizo yanayoiongoza mashine kufanya kazi.
Bando: kiasi cha intaneti unachonunua kwa muda fulani.
Pingili: kipande cha shina la muhogo kinachopandwa.

MASWALI YA KUJADILI

1. Taja vitu vitano vya zamani ambavyo simu imevimeza nyumbani kwako. Je, kipo ambacho bado ni bora kuliko simu? Kwa nini?
2. Kwa nini kifaa cha Humane kilikufa bila kuvunjika?
3. Kamera ya Grumeti na programu ya Nuru zote zinatumia akili mnemba. Kwa nini moja ilihitaji kasha lake na nyingine haikuhitaji?
4. Kikundi cha watu 15 kinataka kununua Rabbit R1 kwa dola 199. Kama dola 1 ni shilingi 2,600, bei yake ni shilingi ngapi? Kila mtu atachanga shilingi ngapi? Karibisha kwenye shilingi iliyo karibu.
5. Kama kijiji kingepata kamera ya porini, mngeiweka wapi, kwa kazi gani, na nani angepokea picha?

Jadilini katika kikundi chenu. Andika majibu kwenye daftari lako kwa mkono wako mwenyewe.